Nisaini kwamba nyumba sio yangu ili niingie TASAF? Ijumaa ndio mwisho

mama_watatu_dom:
Habari za jioni wandugu. Naombeni msome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, kichwa kimejaa na sina wa kumuuliza huku mtaani bila habari kumfikia mwenyewe.

Nipo Dodoma, mitaa ya pembezoni, sitautaja. Nina watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita, anayefuata la tatu, kitinda mimba ana miaka minne. Na baba yao tulifunga ndoa kanisani, tukanunua kiwanja, tukajenga kidogo kidogo kwa miaka kama mitano, mimi nikibeba maji na kokoto na kupikia mafundi. Nyumba ni vyumba vitatu na sebule, juu bati, chini saruji. Hati ina majina mawili, lake juu langu chini. Huu ni mwaka wa nne tangu aondoke, yuko Morogoro ana familia nyingine, mahakamani hatujaenda, kila mtu kashika njia yake tu. Mimi na wanangu tumebaki chumba kimoja cha uani, vile viwili vya mbele amepangisha yeye, elfu arobaini arobaini, wapangaji wanamtumia kwenye simu yake miezi sita sita na mimi hata mia sijawahi kuiona, ila luku ikiisha watoto wangu ndio wanakaa giza kwahiyo nanunua mimi.

Kazi yangu ni vibarua vya zabibu, kupogoa na kuchuma, ukiisha msimu nauza mlenda mkavu na karanga mlangoni. Siku nzuri nashika elfu tano. Mwezi wa pili huu tulikuwa tunakunywa uji wa uwele asubuhi halafu tunasubiri jioni, yule wa darasa la sita alishaanza kusema hana njaa ili wadogo zake wale, nikamgundua.

Sasa kukawa na mkutano wa mtaa wa kutaja kaya za kuingia mpango wa TASAF, ule wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Jina langu likatajwa, watu wakakubali, akasimama jirani mmoja akasema huyu mbona ana nyumba ya bati na hati anayo, kwanini achukue nafasi ya wanaolala kwenye tembe za udongo. Kukawa kimya. Mwenyekiti akasema jina libaki, wa dodoso, wale wanaopita kuuliza na kuandika hali ya kaya, wakija wataangalia wenyewe. Nilirudi nyumbani siwezi kuinua uso.

Habari zikafika Morogoro, sijui nani kampigia. Juzi mdogo wake akaja na karatasi imechapwa stationery ya mjini. Nainukuu: "Mimi nakiri kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu yeyote kwamba sina haki wala madai yoyote katika nyumba tajwa." Chini kuna nafasi ya saini yangu na dole gumba, mashahidi wawili, shahidi wa kwanza ameshasaini kabisa, ni huyo huyo mdogo mtu. Akaniambia shemeji ukisaini hii huna nyumba tena, TASAF wanakupitisha siku hiyo hiyo, na kaka amesema hatawatoa, mtaendelea kukaa. Ijumaa anaifuata.

Karatasi iko chini ya kopo la sukari hapa nikiandika. Naomba kujua, mtu mwenye nusu ya nyumba anaweza kuwa mlengwa wa TASAF? Wa dodoso wakija niseme nyumba ni yangu au ninyamaze? Na hii karatasi nisaini?

---

kijana_wa_kizota:
Pole sana dada. Mimi naona saini tu, kwani hiyo nyumba inakusaidia nini sasa hivi? Kodi hupati, kuuza huwezi, watoto wanalala njaa. Hati hailiwi. Ingia mpango kwanza watoto wale, mambo ya nyumba mtayamaliza mbele ya safari, na yeye kasema hatawatoa.

---

mzee_wa_bahi:
Mbukwenyi. Mwanangu usisaini. Soma kwanza haya halafu ndio uendelee na shughuli zako.

Nimekuwa kwenye kamati ya usimamizi ya jamii kijijini kwetu miaka kadhaa, tangu mpango wa kunusuru kaya unafika. Wakati ule wa mwanzo haukufika kila kijiji, ilikuwa kama asilimia 70 ya vijiji na mitaa nchi nzima, kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020 ndio kikaja na maeneo yote. Kwahiyo hayo niliyaona kwa macho, mkutano, majina, kelele, dodoso, halafu mkutano tena wa kuthibitisha. Aliyekuambia karatasi itakupitisha siku hiyo hiyo amekudanganya au hajui, hakuna mtu mmoja anayepitisha.

Kitu cha kwanza ukishike vizuri. TASAF wanaangalia KAYA. Kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Kaya yako ni wewe na watoto watatu. Baba yao anakula chungu kingine Morogoro, hayumo. Wakija kuandika usimtaje kama mkuu wa kaya hata kama jina lake liko kwenye hati, mkuu wa kaya ni wewe. Nimeona akina mama wengi wanakosea hapo, anaulizwa baba wa nyumba ni nani anataja jina kwa heshima, inaandikwa kaya ina mwanaume mwenye nguvu zake.

Cha pili, dodoso linauliza mnavyoishi. Mko wangapi, umri wao, wanasoma, kuna mgonjwa au mlemavu, milo mingapi, maji mnachota wapi, choo, mnapikia nini, sakafu, ukuta, paa, vyumba mnavyolala, mifugo, redio, baiskeli, simu. Sasa niambie mwanangu, ukisaini hiyo karatasi bati linageuka kuwa nyasi? Sakafu inageuka udongo? Anayeandika anakukuta kwenye nyumba ile ile, chumba kile kile. Karatasi haikuongezei hata nukta moja. Wewe utakuwa umetoa nyumba na bado dodoso likasoma vile vile.

Ndio maana mimi nashangaa haraka ya huyo mdogo mtu, mtu anayetaka uingie mpango angetuma debe la mahindi.

Kuhusu kunyamaza, usinyamaze. Majina yanarudi mkutanoni kusomwa na jirani yako yule atakuwepo. Ukificha nyumba akasimama tena akasema, hata wale waliokutetea watakaa chini. Sema mwenyewe mapema, tena sema yote: nyumba ina majina mawili, mimi nalala chumba kimoja na watoto watatu, vyumba viwili kodi anachukua mwenzangu na hii hapa namba inayopokea. Waite wapangaji waseme mbele ya kamati wanamlipa nani. Kwetu kuna mama alikuwa na nyumba ya tofali aliyoachiwa na marehemu, ndani hamna hata kitanda, tuligombana mkutano mzima na mwisho wenyewe wanakijiji wakasema tofali haliliwi. Akaingia.

Sikuahidi utaingia. Bati na saruji vinahesabika, na kuna kaya zina hali mbaya zaidi kila mtaa, huyo jirani hakusema uongo ingawa alikuumiza. Na kuandikisha kaya mpya hakufanyiki kila siku, kunakuja kwa vipindi. Lakini kama utakosa, kosa ukiwa na nyumba yako.

---

mama_watatu_dom:
Baba shkamoo na asante, nimesoma mara tatu. Kwahiyo hata nikiingia, siku nikianza kupata kodi ya chumba kimoja itakuwaje, wanafuta?

---

mzee_wa_bahi:
Marahaba. Unatoa taarifa. Mtoto akizaliwa, mtu akifa, mkihama, hali ikibadilika, kamati inajaza mabadiliko ya kaya. Na kila baada ya muda kaya zinatathminiwa upya, zilizoinuka zinahitimu. Kuhitimu siyo adhabu mwanangu, wengine wametoka na mbuzi na nyumba. Kodi ya chumba kimoja ikikutoa kwenye mpango maana yake umepata kitu ambacho hakisubiri dirisha la malipo kila miezi miwili.

---

msaidizi_kongwa:
Dada pole, mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, kesi za hivi napokea sana hasa baada ya mavuno. Mzee amemaliza upande wa TASAF, mimi niseme upande wa nyumba maana ndio umeshikiwa kisu.

Nyie bado mna ndoa. Kuondoka miaka minne hakuvunji ndoa, ndoa inavunjwa na mahakama. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya familia haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kuwekwa rehani wala kupangishwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Umeona hapo, hata kupangisha kumetajwa. Kwahiyo hao wapangaji wa mbele alitakiwa akuulize. Kifungu cha 60 kinasema mali ikiwa kwa majina ya mume na mke wote wawili inachukuliwa kwamba sehemu zenu ni sawa kwa sawa mpaka mtu athibitishe vingine. Wewe unaanza na nusu mkononi, wengi wanaokuja kwangu jina lao halipo popote.

Sasa ile karatasi. Yenyewe haifuti jina lako kwenye hati, kubadili jina kunafanyika ofisi ya ardhi na kuna fomu zake. Ila ni ushahidi mbaya sana. Kesho akileta mnunuzi atasema mke aliridhia hii hapa saini na dole. Mkifika mahakamani kugawana atasema alishakiri kwa hiari yake. Hayo maneno "bila kushurutishwa" hayakuwekwa kwa bahati mbaya, yamewekwa ili siku ukilia usisikilizwe. Usisaini, na usiichane, kaa nayo, piga picha hiyo saini ya shahidi wa kwanza. Karatasi inaonesha nia yake.

Halafu mtu asikuambie hukuchangia kwasababu hukuwa na mshahara. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983 kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya familia. Wewe umebeba maji na kokoto na kupikia mafundi, huo ni mchango, tafuta fundi hata mmoja anayekumbuka. Na luku unayonunua, si unajua kila mwezi wanakata kodi ya jengo humo humo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida? Miaka yote hii kodi ya jengo lake ameilipa nani? Wewe. Usifute zile meseji za luku, kama simu inajaa nakili kwenye daftari tarehe na kiasi.

Njia ninayokushauri. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji na kopi ya hati uulize namna ya kuweka zuio ili pasifanyike muamala wowote bila wewe, kifungu hicho hicho cha 59 kinakupa hiyo haki. Halafu nenda kwa afisa ustawi wa jamii kuhusu matunzo ya watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana baba awe Morogoro awe wapi, mara nyingi wakiitwa ustawi tu wanaanza kutuma. Hapo unaweza kuomba hata kodi ya chumba kimoja ihesabiwe kama matunzo, nimeona ikikubalika kwa maandishi na ni rahisi kuliko kumsubiri atume hela. Na kama umeamua ndoa iishe, unaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa fomu namba 3, ndio unafungua shauri la talaka na mgawanyo, mahakama ya mwanzo wanasikiliza hayo. Usiruke baraza, watu wanaruka wanarudishwa mwanzo baada ya mwaka mzima.

Hela ya wakili usiwaze. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi kama sisi tunatambuliwa, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa hapo hapo Dodoma Aprili 2023. Uliza kwa mtendaji wa kata, au ofisi ya maendeleo ya jamii. Hatutozi.

---

wa_veyula:
Mimi nilisaini ya kwangu. Ilikuwa sio TASAF, ilikuwa ili apate mkopo, akasema ni utaratibu tu wa benki, mke asiwe kikwazo. Nikasaini jikoni nimepakaa unga mikononi mpaka kwenye karatasi alama ilibaki. Miezi minane baadae akaja mama na mume wake na funguo mpya wananiambia dada tunaomba mtupishe ifikapo tarehe fulani. Walikuwa watu wazuri wale, hawakuwa na kosa, walinipa wiki mbili zaidi. Nilihama na ndoo mbili na masufuria na mtoto anaharisha. Nilienda mahakamani nikapata kitu mwishoni lakini sikuirudisha nyumba, na kwenye kesi alama ile ya unga ilioneshwa kama ushahidi kwamba nilikuwa nyumbani kwangu nimetulia na sikulazimishwa.

Dada tafadhali. Nimeandika hapa saa saba usiku.

---

kijana_wa_kizota:
Nimesoma maelezo ya mzee na ya dada wa Veyula. Nilishauri vibaya dada, naomba usinifuate. Sikujua kwamba dodoso linaangalia nyumba yenyewe na sio karatasi.

---

mkulima_mpunguzi:
Nyongeza ndogo. Kama vibarua vya zabibu unavifahamu, jikusanyeni akina mama wa mtaa muunde kikundi, ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake, asilimia nne ni ya wanawake na haina riba. Kwenye mkopo ule hakuna anayekuuliza bati. Ila kikundi kiwe cha watu mnaoaminiana, mkopo ni wa wote, mmoja akikimbia mnalipa nyie.

Na ukija kuingia TASAF tunza namba ya kaya, mtoto akifika kuomba mkopo wa chuo wanaiulizia. Huyo anayejifanya hana njaa atafika.

---

mama_watatu_dom:
Nimerudi, samahani kwa ukimya, bando liliisha.

Ijumaa alikuja. Nilimkaribisha kiti nikampa maji, nikamwambia shemeji sitasaini, kama kaka yako ana neno aje mwenyewe tukae na baraza la kata. Akaomba karatasi yake nikamwambia imebaki kwangu. Alikaa kidogo akaangalia chini, akasema hata mimi sikupenda kuileta, akaondoka. Jioni baba watoto alipiga mara sita, sikupokea, ya saba nikapokea akiwepo mama mchungaji pembeni yangu, alisema mengi. Sikujibu matusi.

Jumatatu nilienda ardhi, wamechukua kopi wamenielekeza niandike maombi ya zuio, yule msaidizi wa kata yetu (nilimpata kwa mtendaji kama ulivyosema ndugu wa Kongwa) ndio ananiandikia. Ustawi wamempigia simu mbele yangu, ameitwa wiki ijayo. Nimeomba kodi ya chumba kimoja kama mlivyonifundisha.

Dodoso walikuja jana. Dada mmoja na kijana, wana kishikwambi. Aliniuliza mkuu wa kaya ni nani, nikasema mimi, ulimi ulikuwa mzito kidogo lakini nilisema. Nikamuonesha hati na majina yote mawili, nikamuita mpangaji akasema anatuma kwa nani. Akauliza jana mlikula mara ngapi, kabla sijajibu yule wa darasa la sita akasema mara moja, leo bado. Dada akaandika. Hawasemi kama umepita au hujapita, wamesema tusubiri mkutano.

Yule jirani aliyesimama kunipinga mkutanoni alikuwa kwenye ua wake anatuona. Walipoondoka akaja na sahani ya mbaazi akasema hakujua kwamba kodi haiingii kwangu. Tulikula na wanangu.